Kijiti cha Kukorogea Damu

Siku hizi mtu akinyamaza katika nyumba ya Kaleb, pale Kwamndolwa, kimya kinakuwa kimya kweli. Mgeni akimaliza habari aliyokuja nayo na vikombe vikawekwa chini, hakuna kinachobaki isipokuwa jiko la mkaa uani na malori ya mbali katika barabara ya Moshi. Zamani haikuwa hivyo. Zamani mazungumzo yakikatika kilisikika kitu kidogo, kikavu, tk, tk, tk, kama mtu anayedondosha punje za mahindi moja moja kwenye sahani ya bati. Wageni waligeuka kutafuta saa ukutani, na ukuta haukuwa na saa.

"Saa yenu mmeificha wapi?" waliuliza.

"Nimeimeza," alijibu mke wa Kaleb, akavuta khanga juu ya kifua chake huku akicheka.

Aliitwa Naishorua binti Leboo, na sauti ile ilitoka moyoni mwake.

Alizaliwa katika tambarare kavu za Handeni, kwa wafugaji wa Kimasai. Alipokuwa msichana mdogo aliugua koo, kisha magoti na viwiko vikavimba, akalala kwenye ngozi akitetemeka mpaka mvua za vuli zikapita. Akapona, au walidhani amepona. Hakuna aliyejua kwamba homa ile ilikuwa imeacha kovu kwenye mlango mmojawapo wa moyo, ule unaofunguka kupitisha damu na kufunga ili isirudi ilikotoka. Kovu likakauka, mlango ukakakamaa. Wenzake walipoanza kucheza ngoma za ujana, yeye alikuwa akikaa kando, mdomo wazi, akitafuta hewa. Akina mama waliokuja kumtazama kwa ajili ya wana wao waliangalia shanga zake, wakaangalia uso wake, kisha wakasikiliza anavyopumua, wakaenda zao kwa adabu.

Mwinjilisti mmoja ndiye aliyeona miguu yake imevimba, akampeleka hospitali ya misheni. Hospitali ikaandika barua kwa marafiki wa kanisa wa ng'ambo, na marafiki hao wakalipa. Mwaka 1993 Naishorua, ambaye alikuwa hajawahi kufika hata Tanga, alivuka mpaka hadi Nairobi, akapasuliwa kifua, akawekewa mlango mpya wa chuma na kaboni. Mlango ule ulipofunga uligonga, na mlio ule ndio watu waliodhani ni saa.

Aliyemhudumia wodini alikuwa muuguzi wa Kimasai wa upande wa Kenya, aliyeitwa Nkoile, nao waliongea kwa lugha yao. Kabla ya kumruhusu kuondoka, Nkoile alimwekea mkononi chupa ya vidonge vya warfarini.

"Hivi utavimeza mpaka utakapokufa," alimwambia.

"Nitakufa lini?"

"Ukiviacha, mapema. Sasa sikiliza. Mkimtoa ng'ombe damu shingoni, mkaikinga kwenye kibuyu, mnaifanyaje?"

"Tunaikoroga kwa kijiti."

"Msipoikoroga?"

"Inaganda. Inakuwa kama ini."

"Basi damu yako nayo ni hivyo hivyo. Imezoea kupita kwenye nyama. Sasa inapita kwenye chuma, na ikigusa chuma inadhani umejeruhiwa, inakimbilia kuziba. Itaziba mpaka mlango ushindwe kufunguka. Au donge litachomoka liende kichwani. Kidonge hiki ndicho kijiti chako."

Naishorua alicheka mpaka mshono ukamuuma. Kijiti chenyewe kilikuwa kidogo kuliko jino la mtoto. Tangu siku ile hakukiita kidonge; alikiita kijiti, na alikimeza kila jioni ng'ombe waliporudi zizini.

Kwa kweli kidonge kile hakikorogi kitu, wala hakifanyi damu iwe nyepesi kama watu wanavyosema. Damu inabaki ile ile, uzito ule ule, wingi ule ule. Kinachobadilika ni kazi ya ini. Ini ndilo linalotengeneza vitu vinavyoiwezesha damu kuganda, na ili livikamilishe linahitaji vitamini fulani ambayo kwa sehemu kubwa hutoka kwenye majani ya kijani. Ini likishaitumia vitamini hiyo huitengeneza upya na kuitumia tena. Dawa inaingia hapo hapo na kuzuia isitumike tena, na ini linabaki na mikono mitupu. Damu inachelewa kuganda, mlango wa chuma unabaki safi. Dawa ikizidi, mtu anavuja damu kwa kukwaruzwa tu. Ikipungua nguvu, damu inarudia tabia yake. Ndiyo maana anayetumia dawa hii lazima apimwe damu mara kwa mara, waone inachukua muda gani kuganda, kisha wampimie kiasi chake kulingana na mwili wake na chakula chake.

"Kula ulivyozoea kula," Nkoile alimwambia mlangoni. "Usibadilishe."

Hakutaja majani. Angetajaje mboga za majani kwa binti wa Leboo, aliyekuzwa kwa maziwa, ugali, na nyama siku ya sherehe?

Kwa hiyo kiasi chake kilipimwa kwa maziwa na ugali. Kila mwezi alipanda basi kwenda hospitali kubwa ya Moshi, ambako muuguzi aliyeitwa Janeth alimtoa damu, akasoma majibu, akampa vidonge vya mwezi mwingine. Hakuna aliyepata vidonge bila kutoa damu kwanza. Ilikuwa safari ndefu na ya kuchosha, na Naishorua aliilalamikia kila mara. Lakini alipata nguvu. Alianza kubeba maziwa mwenyewe kwenda gulioni Handeni, akitembea wima kama asiyewahi kukosa hewa maishani.

Hapo gulioni ndipo Kaleb alipomwona.

Kaleb alikuwa Msambaa wa Mashewa. Ujana wake wote aliutumia katika shamba la mkonge karibu na Korogwe, mpaka shamba lilipouzwa kwa mtu binafsi na wafanyakazi wengi wakapunguzwa. Mke wake wa kwanza alikuwa amefariki, watoto walikuwa wakubwa, na yeye mwenyewe alikuwa katika umri ambao mtu hajui kama aanze upya au akae asubiri uzee. Alianza upya. Alikodi kipande cha ardhi kando ya mto, Kwamndolwa, akachimba mifereji, akapanda mchicha, matembele, sukuma wiki na mnavu. Biashara ilikuwa imefunguliwa, kila mtu alikuwa anauza kitu, na Kaleb aligundua kwamba Handeni, palipo pakavu, fungu la mboga linagombewa. Siku za gulio alifika na matenga juu ya basi, mboga zikiwa bado zina umande.

"Mchicha, mama! Wa leo leo!" alimwita Naishorua alipopita na kibuyu chake.

"Nimpelekee ndama?"

"Ujaribu mwenyewe."

"Sisi majani anakula ng'ombe kwa niaba yetu. Halafu tunamla yeye."

Wanawake wa gulioni walipiga makofi. Kaleb akashika kiuno. "Basi nipimie hayo maziwa. Maana humo ndani mna majani ya mtu."

Alinunua maziwa siku ile, na gulio lililofuata, na lile la baada yake, mpaka wauza nyanya wakamwuliza kama amefungua hoteli ya chai. Siku moja waliketi kivulini nyuma ya mizani ya mahindi, na kelele za soko zilipopungua kidogo alisikia ile sauti. Hakutafuta saa. Alimtazama usoni na kuuliza, "Ni wewe?" Naishorua akamwambia habari yote, chuma na kijiti na Moshi. Akamwambia pia kwamba daktari amemkataza kubeba mimba.

"Mimi watoto ninao," Kaleb alisema. "Nimekosa wa kuongea naye tu."

Leboo alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo aliyepokea posa alikuwa Keriako, kaka yake Naishorua, mtu mrefu mwenye maneno machache. Mambo ya ng'ombe yalipokwisha alimsindikiza Kaleb mpaka njiani.

"Shemeji, huyu ana chuma ndani. Ukimchukua, umechukua na kidonge chake."

"Nimesikia, shemeji."

"Si kusikia. Kushika."

"Nimeshika," Kaleb alisema, na alikuwa anamaanisha. Katika yote yaliyofuata, hakuna siku hata moja ambayo Naishorua alikosa kidonge. Kaleb mwenyewe alikileta na kikombe cha maji kila jioni, akasimama mpaka amemeza.

Walifunga ndoa mwaka 1996. Miezi ya mwanzo walikwenda Moshi kama kawaida. Naishorua alileta vibuyu vyake, na Kaleb akampatia maziwa ya jirani, wakaishi hivyo, yeye akila maziwa na ugali, mume akila ugali na mchicha, wakitaniana juu ya meza moja.

Kisha Agripina, mama yake Kaleb, akashuka kutoka Mashewa kuja kumwona mkamwana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo hapa penye mwanga." Alimvuta kope la chini kwa kidole gumba, akatazama. Akamgeuza viganja. Akaona alama ya bluu kubwa kwenye mkono, mahali ambapo ndoo ilimgusa tu. Asubuhi, Naishorua alipopiga mswaki na kutema, Agripina aliona wekundu chini. Alimwita mwanawe pembeni.

"Kaleb, huyu mwanamke hana damu."

"Ni dawa, mama. Ndivyo ilivyo."

"Sijakataa dawa. Dawa iache ifanye kazi yake. Lakini wewe una bustani nzima ya mboga, na mkeo ni mweupe midomo kama mtu wa kufa. Huoni haya?"

Kaleb aliona haya. Na Agripina hakuwa mjinga wala mtu mbaya. Kwao Mashewa, mwanamke akijifungua, mtoto akitoka kwenye malaria, mzee akirudi kutoka hospitali, chungu cha kwanza kinachobandikwa ni cha majani: kisamvu kilichotwangwa, mshunga wenye uchungu wake, mchicha wa karanga. Alikuwa amewainua wengi kwa chungu hicho. Kliniki za mama na mtoto zilifundisha hivyo hivyo, na zilifundisha kweli. Kosa hili halikutoka gizani. Lilichipua kutoka kwenye jambo sahihi, na ndiyo maana hakuna aliyelitambua.

"Nkoile alisema nile nilivyozoea," Naishorua alisema, sahani ilipowekwa mbele yake.

"Nkoile alikuona ukiwa wodini," Kaleb alijibu. "Mimi nakuona kila siku. Kula kidogo tu."

"Nitaota pembe."

"Ukiota nitakufungia zizini."

Alikula. Mwanzoni alitafuna kwa kukunja uso, akitoa sauti ya ng'ombe ili Agripina acheke. Baadaye akazoea matembele, kisha akayapenda, hasa yakiungwa kwa karanga. Kisamvu kilikuja kwa mafungu kutoka Mashewa kila basi liliposhuka. Mchana majani, jioni majani, halafu kidonge na kikombe cha maji.

Na tazama: fizi ziliacha kutoa damu. Alama za bluu zikafifia, na hazikurudi. Kila dalili ambayo mtu mwenye upendo angeitafuta ilijitokeza na kusema ndiyo, endeleeni. Kwa kweli zilikuwa zinasema kwamba damu imerudia kuganda upesi, lakini pale nyumbani hakukuwa na mtu wa kuzisoma hivyo. Aliyejua kusoma alikuwa Moshi, na Moshi walikuwa wameacha kwenda.

Waliacha kwa sababu nyepesi kabisa. Karibu na stendi ya Korogwe lilifunguliwa duka la dawa la mtu binafsi, lenye kabati za vioo na feni. Mwenye duka aliagiza dawa Dar es Salaam. Ulimpa jina la dawa, akakuletea. Kaleb alimwonyesha chupa tupu, na wiki iliyofuata akapewa iliyojaa, vidonge vile vile, rangi ile ile. Alirudi nyumbani akiishika juu kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

"Basi la Moshi, kwaheri!" alisema.

Naishorua alicheza pale uani. Ni nani angempenda mtu ambaye angewaambia wakati ule kwamba wanachoaga si basi tu? Kwa miaka mingi dawa ilikuwa haba, watu walisafiri na kupanga foleni kwa ajili yake, wakajifunza kuamini kwamba tabu yote ni kuipata. Sasa imepatikana. Kwamba kutolewa damu kule Moshi ndiko kulikokuwa nusu ya dawa, jambo hilo halikuandikwa kwenye chupa.

Mwaka uliofuata, kuelekea mwisho wake, sauti ilianza kupoa. Kaleb ndiye aliyeigundua, adhuhuri moja walipokuwa wamejinyoosha kwenye mkeka baada ya kupalilia. Aliinua kichwa.

"Sema kitu."

"Niseme nini?"

"Hapana, nyamaza." Akasikiliza. Ilikuwa bado inagonga, lakini ule ukavu haukuwapo. Sasa iligonga kama kitu kilichofungwa kitambaa. "Inapoa," alisema. "Naishorua, inapoa! Nyama inaota juu ya chuma."

Aliweka kiganja juu ya kifua. "Hata mimi naona imetulia."

"Moyo umekubali. Ni damu hiyo. Umepata damu."

Jumapili ile alibeba tenga zima la mchicha na matembele mpaka kanisani, akasimama mbele ya usharika na kumshukuru Mungu kwa kuutuliza moyo wa mke wake. Baada ya ibada mboga zilinadiwa nje kama sadaka nyingine zote, na watu, kwa furaha, walipandisha bei ya fungu la mchicha kuliko ya jogoo. Agripina, aliyekuwa amekuja kwa ajili hiyo, alipiga vigelegele. Naishorua alisimama ngazini akitabasamu. Alipopanda ngazi zile alikuwa amepumzika katikati, na aliyeona alidhani anawasubiri wenzake.

Mvua kubwa za mwaka ule zilikuwa zimeanza alipofika Keriako. Alikuja na samli ya dada yake, akala, akanywa chai, akasikiliza habari za bustani. Kisha wote wakanyamaza, na Keriako akainua macho.

"Dada, mbona umenyamaza?"

"Sijanyamaza. Tunaongea."

"Kifua."

"Moyo umepona, shemeji," Kaleb alisema. "Nyama imefunika chuma. Na ndiyo maana unamwona hana hata alama mwilini."

Keriako alimtazama dada yake, si mkononi bali shingoni, pale mshipa unapocheza. "Chuma hakiponi. Mpeleke Moshi."

"Nitampeleka."

"Kesho basi lipo."

"Kesho nahamisha miche, shemeji. Mto unapanda, nikichelewa bustani yote inakwenda. Mvua zikipungua tu, tunakwenda."

"Basi nimchukue mimi."

Wakamgeukia yeye. Naishorua alijua kwamba siku hizo kupanda kutoka mtoni kunamfanya asimame mara kwa mara, na kwamba akilala chali kifua kinakuwa kizito. Alilaumu tope. Pia alimwona mumewe, jinsi uso wake ulivyokuwa ukisubiri, kama mtu aliyeleta zawadi na sasa mgeni anaikagua mshono kwa mshono.

"Niko vizuri," alisema. "Mwache ahamishe miche yake. Nitakwenda."

Keriako hakubishana. Aliondoka na basi la asubuhi, na siku chache baadaye maji yakala barabara huku na huko, mabasi yakawa yanapita kwa kubahatisha.

Ilikuwa asubuhi, wanafunga mboga. Naishorua alikuwa ameketi kwenye kigoda, akizungusha ukamba wa mgomba kwenye fungu la mchicha, na ukamba ukamtoka mkononi. Akauokota kwa mkono wa kushoto, akaurudisha kwenye wa kulia. Ukamtoka tena.

"Leo umechoka mapema, Mmasai," Kaleb alimtania bila kugeuka.

Hakujibiwa. Alipogeuka aliona upande mmoja wa uso wake umeshuka, na mdomo unahangaika na neno ambalo halikuwa neno. Kwa muda mfupi sana alidhani anamwigiza ng'ombe, kama alivyozoea, na akaanza kucheka. Kicheko hicho ndicho anachokitaja hata leo akiulizwa habari za siku ile. Hataji kingine.

Hospitali ya Korogwe ilifanya ilivyoweza. Gari la misheni lilimchukua kwenda Moshi, likisimama kila penye mto uliovuka barabara. Janeth alimtambua alipoteremshwa, akamshika mkono, kisha akamgeukia mume.

"Kipimo cha mwisho alipima wapi?"

"Hapa hapa. Kwako."

"Mbona ni zamani! Tangu hapo alikuwa hatumii dawa?"

"Anatumia! Kila jioni, mimi mwenyewe nampa. Haijawahi kukosekana hata siku moja, sista."

"Anakula nini?"

Hata hapo, akiwa na tope hadi magotini, Kaleb alijibu kama mtu anayetoa ushahidi mzuri. "Anakula vizuri, si kama kwao. Mchicha, matembele, kisamvu. Kila siku, mara mbili. Damu imerudi."

Janeth alikaa kitako kwenye benchi kando yake. Hakupaza sauti. Alimweleza habari ya ini na majani, taratibu, na Kaleb alisikiliza akitazama viganja vyake, ambavyo kijani cha mboga hakijawahi kutoka kwenye mikunjo yake.

"Kwa hiyo kidonge..."

"Kidonge kilikuwa kinalinyima ini vitamini, na wewe unaliletea kwa sahani."

"Angeacha majani?"

"Si lazima aache. Angekula kidogo, kwa kiasi kile kile kila siku, na sisi tungepima na kuongeza dawa. Watu wanaishi hivyo."

"Na sauti?" aliuliza. "Sauti ilipoa. Tulimshukuru Mungu."

Janeth alimshika bega. "Ilipoa kwa sababu damu iliganda pale kwenye chuma. Mlango ulikuwa haufungi sawasawa. Sehemu ya donge ndiyo iliyokwenda kichwani."

Madaktari walipojiridhisha, kadiri walivyoweza, kwamba hakuna damu iliyovuja ubongoni, walimwekea dripu ya heparini. Hiyo nayo huzuia damu kuganda, lakini haisubiri ini; inaingia mshipani na kufanya kazi papo hapo, donge lisizidi kukua, na mwili wenyewe upate nafasi ya kuliyeyusha lililopo. Walimrekebishia na vidonge vyake. Kaleb alikaa kwenye kiti cha mbao pembeni, na mchana mmoja, wodi ikiwa imetulia baada ya chakula, alisikia. Tk. Tk. Tk. Kavu, wazi, kama gulioni siku ile nyuma ya mizani. Mgonjwa wa kitanda cha pili akaanza kutafuta saa. Kaleb alisimama akatoka nje, akaegemea ukuta wa kibarazani, na wauguzi waliopita walidhani amepokea habari za msiba.

Naishorua hakufa. Mguu ulirudi kiasi cha kutembea kwa fimbo. Mkono wa kulia haukurudi. Na maneno yalirudi machache, ila yalirudi kwa Kimasai tu. Kiswahili chake chote, cha gulioni, cha utani, cha "nimeimeza", kilikuwa kimekwenda. Daktari alisema hutokea hivyo, lugha aliyoipata mtu ukubwani huondoka na ile ya utotoni ikabaki. Alirudi Kwamndolwa, akaketi uani na kusema, na hakuna aliyemwelewa. Kaleb alikuwa ameoa Mmasai bila kujifunza Kimasai zaidi ya salamu. Mke ndiye aliyekuwa amevuka upande wake, na yeye hakuwahi kufikiri kwamba siku moja atatakiwa kuvuka. Alimletea maji, kumbe anataka kivuli. Alimletea shuka, kumbe anamuulizia kaka yake. Agripina alikuja, akakaa mbele yake, akamshika mkono ulio hai, akalia, akarudi Mashewa. Wanasema hakupika kisamvu tena mpaka alipofariki, ingawa hakuna aliyemkataza.

Keriako alipofika, Naishorua aliongea mfululizo kwa mara ya kwanza tangu Moshi. Kaleb alisimama mlangoni akiwasikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya nchi nyingine.

"Anasemaje?" aliuliza.

"Anauliza kwa nini unamwogopa."

Kaleb akaketi kizingitini. Baadaye akasema, "Shemeji, usimchukue. Sasa najua. Nitampeleka kupima kila mwezi, nitapima na mboga kwa kijiko."

"Najua umejua." Keriako hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi. "Lakini ataongea na nani?"

Aliulizwa mwenyewe. Alimtazama mumewe, akasema maneno mawili matatu, Keriako akayatafsiri: kwamba hana kinyongo naye, na kwamba amechoka kuwa bubu. Kaleb alifunga vibuyu vyake kwenye khanga, akaweka chupa ya vidonge juu kabisa, mahali ambapo haitasahauliwa.

Bado analima kando ya mto, na siku za gulio bado anakwenda Handeni. Akishauza, hutafuta lifti mpaka kwa Keriako. Hukaa na mke wake mpaka jua linapoinama. Naishorua huongea, mke wa Keriako hutafsiri, na mara nyingine hata hatafsiri. Kaleb ameanza kujifunza. Anajua maji, kivuli, maumivu, kesho. Kwa umri wake haiendi haraka.

Naishorua anaishi nyumbani kwa kaka yake, katika tambarare za Handeni, na kila mwezi Keriako humpeleka Moshi kupimwa damu.